Kimya cha Darasa la Nne

6 Januari

Kiroboto wangu,

Marahaba, kama umenisalimia. Barua yako ilifika juzi, kaka yako akaiweka juu ya friji pamoja na bili zake, nami nimeiona leo kwa bahati tu. Nimeisoma nimesimama, na unajua nyonga yangu hii haitaki mtu asimame.

Kwa hiyo Mwalimu Mkuu amekubali! Amekurudishia Bonde, pale shuleni nilipofundishia maumbile! Nilipiga kelele mpaka wifi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimeanguka. Sawa, umeandika kwamba ni majaribio tu, kwamba atakuja kukagua mwisho wa muhula, na asipoona watoto wanajifunza kitu cha maana, patamwagwa kokoto pawe maegesho ya magari ya walimu. Maegesho! Kwani walimu wenyewe wana magari mangapi? Enzi zetu tulikuwa na baiskeli moja, nayo pancha.

Sasa sikiliza. Kufundisha pale hakuhitaji mbwembwe. Kila mtoto mpe mahali pake, pake peke yake, mwaka mzima. Akae chini, anyamaze, mpaka kitu kimjie. Chochote: sisimizi, kereng'ende, hata jani. Kikimjia ndipo anyooshe mkono aseme, na mpaka kimjie haondoki. Wewe mwalimu funga mdomo. Wewe mwenyewe nilikuweka kando ya lile gogo lililooza, na ulikuwa huwezi kutulia hata kidogo, ndiyo maana jina likakuganda. Lakini siku mjusi alipokupanda gotini, ulitulia mpaka nikaingiwa na hofu.

Nikifumba macho huku ghorofani naliona lote. Matete, yale maji ya rangi ya chai, viluwiluwi pembeni, na vyura ambao mvua ikianza walikuwa wanapiga kelele mpaka Mwalimu wa Hesabu analalamika kwamba hajisikii akihesabu. Huku chini ya dirisha langu kuna gereji. Kutwa mtu anagonga chuma.

Niandikie. Usinipigie, maana simu yako naisikia kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Na uniambie vyura wakirudi.

Mama

~

2 Februari

Shikamoo Mama,

Nimechoka, mgongo unauma, lakini nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nianze kazi hii. Ungeona palivyokuwa usingeamini. Tangu ustaafu, kila aliyebomoa nyumba alikuja kumwaga pale. Tumetoa matairi, godoro, mabati, na choo kizima cha kukalia, kimekaa wima katikati ya matete kama kinamsubiri mtu. Darasa la Nne walicheka mpaka wengine wakalala chini.

Wazazi wamejitokeza, Mama, hasa yule mwenyekiti wa kamati tunayemwita Bi Usafi. Yule mama akishika ufagio hata upepo unampisha. Tumefyeka, tumefagia, tumechoma majani makavu yote. Magogo yaliyooza tumeyatoa, maana yalikuwa yamejaa wadudu. Mawe tumeyapaka chokaa. Sasa ukisimama getini unaona mpaka mwisho, peupe, hakuna hata kijiti. Mpita njia mmoja ameniuliza kama ni ukumbi wa harusi.

Na mkweo Fundi anakujengea bwawa. Nimesema anakujengea wewe, maana ndivyo anavyosema mwenyewe. Anatoka kazini kwake jioni, hata maji hanywi, anaingia kule na mwiko wake wa saruji. Amenikataza nisikueleze likoje, anataka iwe siri mpaka liishe.

Bintiyo,
Kiroboto

~

11 Februari

Mwanangu,

Nimekuuliza vyura, umenijibu chokaa.

"Yalikuwa yamejaa wadudu." Hivi wewe ulitaka yajae nini, sukari? Nimesoma sentensi ile mara ya kwanza nikadhani macho yamenidanganya, nikatafuta miwani, kumbe ninayo usoni. Mtoto wa mwalimu wa maumbile anachoma majani makavu! Jongoo akae wapi? Konokono ajifiche wapi jua likiwaka, kwenye ukumbi wa harusi?

Basi, nimeng'aka vya kutosha. Najua mmefanya kwa moyo. Bi Usafi mshukuru sana, kisha mnyang'anye ufagio. Rudisheni magogo, hata kama ni mengine. Acheni majani yaanguke na yabaki yalipoangukia. Lile gogo lako ulilokaa nalo utoto wako wote, siku moja ulilichungulia chini ukaniita, "Mama, huku ndani kuna mji." Ulisahau kuniita Mwalimu, wenzako wakakucheka. Mimi nimelikumbuka neno hilo miaka yote hii. Wewe umelisahau?

Mwambie mkwe wangu asante kwa bwawa. Yeye ndiye mwenye akili humo ndani.

Mama

~

3 Machi

Shikamoo Mama,

Tumerudisha magogo. Bi Usafi amenuna, anasema alitoa uchafu kwa mikono yake na mimi nimeurudisha kwa mikono yangu. Majani tunayaacha. Ukweli ni kwamba pameanza kufanana na pale unapopasema.

Bwawa limekwisha! Fundi ameniruhusu nikwambie. Lina vigae vya bluu kuanzia juu mpaka chini, na pembe zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Maji ni meupe, unaona mpaka sakafu. Walimu wote wamekuja kupiga picha, na Mwalimu Mkuu amemwita Fundi pembeni akamwomba amjengee kama hilo nyumbani kwake. Mume wangu siku hizi anatembea kifua mbele, na mimi namwacha, anastahili.

Mvua imeanza. Juzi nilipeleka Darasa la Nne kwa mara ya kwanza, kila mtoto mahali pake, kama ulivyosema. Walikaa kimya kipindi kizima.

Nina madaftari mengi ya kusahihisha, naishia hapa.

Kiroboto

~

10 Machi

Kiroboto wangu, mwalimu mwenzangu,

Kimya kipindi kizima! Unajua mimi ilinichukua muda gani kuwafikisha watoto hapo? Nilikuwa na mmoja, siku hizi ni dereva wa lori, alikuwa anapiga mluzi kama filimbi ya refa. Alinyamaza siku kirukanjia, na ile pua yake ndefu, alipopita mbele yake amebeba panzi mkubwa kuliko kichwa chake. Tangu siku ile mluzi ukaisha, na mama yake akaja kuniuliza nimempa dawa gani.

Mtoto hanyamazi kwa kuambiwa. Ananyamaza kwa sababu ameona kitu, na anaogopa akikohoa kitaondoka. Kwa hiyo wanao wameona mengi. Nimemsomea wifi yako barua yako, nimemsomea jirani wa mlango wa pili, nimeisoma hata kwenye lifti kwa mtu nisiyemjua. Vigae vya bluu, haya, ndiyo mambo ya kisasa. Vyura wa siku hizi nao watajisikia wako hotelini.

Usiku mvua ikinyesha huku nafungua dirisha. Nasikia maji kwenye bati la gereji, basi. Nakuonea wivu, mwanangu, nasema bila kuficha. Wewe ukifungua lako unawasikia.

Mama

~

16 Machi

Mama,

Siwasikii.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Walikaa kimya kwa sababu hapakuwa na kitu. Hakuna kilichowajia, Mama. Mmoja alisinzia akaangukia mgongo wa mwenzake. Wengine wawili walilia, kwa sababu uliniambia mtoto haondoki mpaka kitu kimjie, na mimi mjinga nikashikilia sheria yako mpaka mkojo ukambana mtoto wa watu. Tumerudi tena mara mbili. Ni hivyo hivyo. Bwawa linang'aa, maji yametulia, hakuna hata chura mmoja. Magogo yapo, majani yapo, mvua ipo.

Nilishindwa kukwambia kwa sababu kila barua yako imejaa furaha. Unasoma barua zangu kwenye lifti! Ningekujibu nini? Na nitasema jambo lingine hata kama utakasirika. Nimeanza kuwaza kwamba labda Bonde lile la barua zako halikuwahi kuwapo. Labda lilikuwa shimo lenye matope, na sisi tulikuwa wadogo, na wewe ulikuwa unajua kusimulia.

Mwalimu Mkuu anakuja tarehe tisa Aprili. Bi Usafi amesema afadhali maegesho, angalau yanafagilika.

Nisamehe.
Bintiyo

~

18 Machi

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini nyonga inaendelea vizuri. Mimi si mtu wa kuandika, nimezoea kuandika vipimo ukutani kwa penseli, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Mke wangu amekuandikia kwamba vyura hawajarudi. Nilimwona akilia wakati anaandika. Mama, wamerudi. Wanarudi tangu mvua ya kwanza.

Asubuhi ile nilipita kuangalia kama vigae vimeshika, kabla sijaenda kazini. Nikakuta vyura wanne ndani ya maji, wale wakubwa wenye vipele mgongoni, wanazunguka wameng'ang'ania ukuta. Wawili walikuwa wameshakufa. Hawawezi kutoka, Mama. Nilisugua ukuta ule mpaka hata mimi nikitia mkono unateleza. Tangu siku hiyo naenda kila alfajiri na ndoo ya saruji. Walio hai nawaopoa nawaweka kwenye majani, wanakwenda kujificha. Waliokufa nawafukia nyuma ya ua. Juzi kulikuwa na mjusi, na kile kijinyama chenye pua ndefu unachosema kilibeba panzi. Watoto wakija saa nne, maji ni meupe na hakuna kitu.

Sijamwambia. Amewaonyesha watu wote, "Hili amejenga mume wangu." Nilidhani labda watazoea, labda watajifunza kupita pembeni. Hawajifunzi. Mimi nimejenga mtego, nikaupamba.

Nakuomba uniambie la kufanya. Nikilivunja nitamvunja moyo, na nikiliacha hivi lilivyo, tarehe tisa ndiyo mwisho wa Bonde.

Mkweo,
Fundi

~

24 Machi

Mkwe wangu mpendwa,

Sijawahi kukuandikia barua peke yako, na barua ya kwanza imebidi iwe ya kukwambia uvunje kazi ya mikono yako. Aibu ni yangu.

Lakini kwanza nikwambie jambo moja. Niliposoma "wamerudi" nililia, nikamfukuza wifi ya mke wako chumbani asinione. Baba, wamerudi! Miaka yote wametupiwa mabati na magodoro, na mvua moja tu imetosha wakaja kutafuta maji yao. Usiitazame kazi yako kama uovu. Wasingekuja kama usingechimba.

Bwawa langu halikuwa na ukuta kwa sababu sikuwa na saruji. Hilo tu. Ningekuwa na fundi kama wewe na vigae vya bluu, ningeyafanya hayo hayo, na watoto wangekaa bure kama walivyokaa hawa.

Vunja upande mmoja, ule wa chini. Usibomoe kidogo kwa huruma, bomoa mpaka chini. Jaza vipande, jaza udongo, ulale kama mgongo wa paka, hata kinyama kidogo kabisa kiweze kupanda. Chomeka majani yoyote yanayopenda tope. Maji yatachafuka, na wewe mkono utakuwasha uyabadilishe. Usithubutu.

Na mke wako mwambie wewe, leo. Mimi sitamwandikia neno mpaka nijue umemwambia. Atafoka, amerithi kwangu. Mwache afoke, usimkatize.

Mama yako

~

10 Aprili

Shikamoo Mama,

Kwa hiyo nyie wawili mlikuwa mnaandikiana nyuma ya mgongo wangu. Haya.

Fundi aliniambia kando ya bwawa, nyundo mkononi. Nilifoka, Mama, nilifoka mpaka mlinzi wa shule akaja kutazama. Si kwa ajili ya vigae. Ni kwa kufikiria mume wangu anaamka kila alfajiri kuzika vyura peke yake, na mimi nimelala kitanda kile kile sijui kitu. Kisha nikamnyang'anya nyundo, nikapiga ya kwanza mimi. Yeye akageuka akatazama pembeni. Kigae cha kwanza kilipopasuka alisema tu, "Hicho kilikaa vizuri sana."

Tulidhani tutamaliza mapema, mvua ikatukatalia. Jana Mwalimu Mkuu anafika na shati lake la pasi, nusu ya bwawa imebomolewa, maji ni kama ya kuoshea miguu, vipande vya bluu vimechomoza kwenye tope. Bi Usafi alikuwa amesimama getini anatikisa kichwa kama yuko msibani. Mwalimu Mkuu alitazama tu viatu vyake. Nikawakalisha watoto.

Wakanyamaza. Na mimi kimya kile nilikichukia, maana nilikwishakijua.

Kisha yule aliyesinzia siku ile akanyoosha mkono polepole. Hakuweza kusema, alinionyesha kwa kidole. Chura mkubwa alikuwa anapanda kwenye udongo wa Fundi, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Kabla hajafika juu kulikuwa na mikono mingine miwili juu, halafu mitano. Mtoto mmoja kakuta jongoo, mwingine kereng'ende katua kwenye kidole cha kiatu chake. Kengele ikalia. Unamjua Mwalimu Mkuu wetu na kengele, Mama, amewahi kumpa mwalimu barua ya onyo kwa kuchelewa kutoka darasani. Hakuna mtoto aliyeinuka. Watatu walikuwa bado hawajapata, na wenzao hawakutaka kuwaacha.

Nikamgeukia nimwombe radhi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Na mimi nikae wapi?"

Nilimpa ndoo ya Fundi, akaipindua akakaa. Tulikaa pale, Mama, sijui muda gani. Kisha nikaona mkono wa Mwalimu Mkuu umeinuka juu, kama wa mtoto. Nikampa ruhusa aseme. Akasema, "Kuna kitu kinatembea ndani ya soksi yangu."

Watoto walicheka mpaka vyura wote wakaruka majini. Leo asubuhi ametangaza mstarini kwamba kila darasa litapata siku yake Bondeni. Kokoto zitamwagwa kwenye njia ya chooni.

Sasa niambie. Pana vipande vya vigae kila mahali, matete hayajaota, yameota majani mengine nisiyoyajua jina, na kuna ndege mweusi mwenye mkia mrefu anakuja kuoga. Ndivyo palivyokuwa enzi zako, Mama? Tumepatia?

Kiroboto wako

~

17 Aprili

Kiroboto,

Hapana. Sivyo palivyokuwa, hata kidogo.

Nimeicheka soksi ya Mwalimu Mkuu mpaka mbavu zikauma, nikamsomea kila mtu humu ndani, hata mtu wa gereji nimemwita dirishani nikamsimulia. Kisha nilipofika pale mwisho nikaikunja barua. Ndege mweusi mwenye mkia mrefu sikuwahi kuwa naye. Majani hayo siyajui. Nilifumba macho nilione hilo bwawa lako lenye vipande vya bluu, nikashindwa. Kila nikijaribu yanakuja matete yangu, na maji yangu, na watoto wangu ambao sasa wana mvi. Nilikasirika, mwanangu. Mzee mzima nimekaa kitandani nimemnunia ndege.

Uliniuliza kama Bonde lile liliwahi kuwapo. Lilikuwapo, na limekwisha. Nimekuwa nikikudai hilo tangu Januari, barua baada ya barua, na nyie wawili mkahangaika kunijengea kitu ambacho hakiwezi kujengwa na fundi yeyote. Hilo ulilonalo ni lako. Watoto hao wakizeeka watafumba macho waone vigae vilivyopasuka kwenye tope, na watakwambia hakuna pahali pazuri kama pale.

Kwa hiyo usiniulize tena palikuwaje. Mimi ndiye nitauliza sasa, na wewe utajibu. Huyo ndege anakuja saa ngapi? Anakuja peke yake au ana mwenzake? Akishaoga anakaa wapi kujikausha? Mtume mtoto mmoja akae pale atazame, kisha uniandikie mambo yote, bila kufupisha.

Mama